Mume au Mke Ametoka Hospitali Hawezi Kuinuka: Wiki 12 za Kwanza Nyumbani

Maswali ni yale yale kila mara. Nimgeuzeje bila kumuumiza? Chooni ataendaje, na choo chetu ni cha shimo? Nani atamwogesha, maana aliyekuja kusaidia ni mama mkwe? Ada ya muhula itatoka wapi? Huulizwa zaidi siku ya tatu au ya nne baada ya kuruhusiwa, ndugu waliokuwa wakijaa wodini wakiwa wamesharudi makwao, na umebaki wewe, mgonjwa, watoto na jerikeni za maji.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Uganda ambaye mwenzi wake amevunjika paja, nyonga au mguu, au ameumia uti wa mgongo, awe alianguka na boda boda, kwenye jukwaa la ujenzi au juu ya mwembe. Daktari wake akisema tofauti na yaliyoandikwa hapa, mfuate daktari.

Shika jambo moja kabla ya mengine: uliyemleta nyumbani ni mwenye nyumba. Anachoweza kufanya kwa mkono wake akifanye, anachoweza kuamua akiamue. Anayelishwa kijiko ilhali mikono yake ni mizima hupoteza nguvu haraka, na hasira hufuata.

Kabla hajatoka wodini

Nunua daftari la kurasa 96. Muulize daktari au nesi maswali haya na uyaandike majibu hapo hapo, usiyabebe kichwani:

- Mguu uliovunjika: asikanyage kabisa, aguse sakafu tu, au akanyage kadiri anavyovumilia maumivu? Haya ni majibu matatu tofauti. "Apumzike" si jibu.
- Anaruhusiwa kuketi? Kwa muda gani? Nyonga au mgongo una mkao uliokatazwa?
- Kila dawa: jina, kipimo, saa, na siku ya kuacha.
- Nyuzi zitatolewa lini? Mara nyingi ni kati ya siku ya 10 na ya 14.
- Kama ana katheta (mrija wa mkojo): iliwekwa tarehe gani, ni ya aina gani, inabadilishwa lini?
- Eksirei itarudiwa lini? Picha ya sasa uondoke nayo mkononi.

Kisha mwombe fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akutazame wewe ukimgeuza na kumketisha. Kuoneshwa hakutoshi. Mtu hudhani ameelewa mpaka anapobaki peke yake saa 8 usiku.

Vitu vya kuwa navyo nyumbani siku anayofika:

- Godoro gumu la inchi 6 na kipande cha plastiki nene cha kufunika sehemu ya kiuno
- Mito 5 (au mifuko safi iliyojazwa matambara na kushonwa)
- Shuka 6, mbili kati ya hizo za kukunjia
- Glavu boksi moja, shashi, bandeji, plasta ya kubandika
- Beseni 2 zenye rangi tofauti, ya mwili na ya sehemu za siri
- Chupa ya mdomo mpana ya kukojolea kwa mwanamume, au beseni la kitandani kwa mwanamke
- Kipimajoto
- Kengele, filimbi, au kopo na kijiko

Kutibiwa katika hospitali za serikali ni bure tangu ada zilipofutwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Lakini shashi na glavu huisha, na utaambiwa ukanunue nje. Itengee pesa.

Hatua kwa hatua

1. Panga chumba kabla gari halijafika.

Pima kitanda kuanzia sakafuni hadi juu ya godoro: kiwe sentimita 45 hadi 50, ili akiketi ukingoni nyayo zikae sakafuni. Kikiwa kifupi, seremala akupigie vipande vinne vya mbao ngumu vyenye tundu la kuingiza mguu wa kitanda. Matofali yaliyopangwa tu huteleza siku anapoegemea ukingo.

Acha nafasi ya sentimita 90 upande wa mguu mzima, maana huko ndiko atakakoshukia. Kiti cha magurudumu kinataka mlango wenye uwazi wa sentimita 80 hivi. Kama wako ni mwembamba kidogo tu, ng'oa ubao wa mlango, utundike pazia. Kizingiti kitengenezee mteremko: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Mfupi kuliko huo, kiti kitarudi nyuma na mtu ndani yake.

Wengi humhamishia mgonjwa sebuleni, kwenye hewa na wageni, halafu chandarua kinabaki chumbani. Pigilia msumari wa chandarua siku hiyo hiyo.

2. Andika zamu, ibandike ukutani.

Karatasi moja yenye saa za kugeuza, dawa, chakula, kuoga na mazoezi, na jina la mtu mbele ya kila saa. Shemeji akisema "nipo, nitasaidia," mpe saa na kazi: "Jumanne na Ijumaa, saa 12 jioni hadi saa 4 usiku." Msaada usio na saa hugeuka kuwa maongezi kando ya kitanda, na chai unapika wewe.

Wageni nao wapangiwe muda, kwa mfano saa 10 hadi saa 12 jioni. Hatua ya kwanza ya kumheshimu mgonjwa ni kutomfunua mbele ya watu waliokuja kumpa pole.

3. Mgeuze.

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo inayoachwa kwanza. Mwili uliolalia sehemu moja hubana mishipa midogo ya damu kati ya mfupa na godoro, nyama ya hapo hukosa damu na kufa. Kidonda cha kulala hufunguka kwa siku chache na kuziba kwa miezi, na kwa aliyeumia uti wa mgongo ni hatari zaidi, kwa sababu hahisi uchungu wa kumwamsha.

Mchana mgeuze kila baada ya saa 2: saa 12 asubuhi chali, saa 2 ubavu wa kulia, saa 4 chali, saa 6 ubavu wa kushoto, na kuendelea. Upande uliovunjika huenda ukakatazwa kulaliwa. Hapo zunguka kati ya chali na ubavu mmoja. Usiku anza na saa 2 hizo hizo. Ngozi ikikaa wiki nzima bila alama, unaweza kujaribu saa 4, saa 7 na saa 10 usiku, nawe ukapata usingizi wa vipande vitatu. Alama ikijitokeza, rudi nyuma.

Ili kumlaza ubavu wa kulia:

a) Mwambie kabla ya kumgusa. Ahesabu mwenyewe mpaka tatu. Anayejua lini atasogezwa hakazi misuli.

b) Kunja shuka iwe pana kuanzia mabegani hadi mapajani, itandike chini yake. Watu wawili, mmoja kila upande, washike shuka na kumsogeza kwanza kwenye ukingo wa kushoto. Usiporuka hatua hii, akigeuka atakuwa katikati ya kitanda. Ukiiruka, atakuwa ukingoni, karibu kuanguka.

c) Simama upande wa kulia. Kunja goti lake la kushoto kama ndilo zima. Mkono wako mmoja begani, mwingine nyongani, umviringishe kuja kwako. Usivute mkono wake.

d) Weka mto nyuma ya mgongo aegemee nusu nusu, kama nyuzi 30, asisimame juu ya mfupa wa nyonga. Mto mwingine kati ya magoti mpaka vifundoni.

e) Akiwa chali, weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Kitanga cha mkono wako kipite chini ya kisigino bila kugusa.

f) Nyoosha mikunjo ya shuka. Hakikisha mrija wa katheta haukulaliwa.

Onyo: kama uti wa mgongo bado haujatulia, usimgeuze hivi. Wanahitajika watu watatu, kichwa, mabega na nyonga viende pamoja kama gogo, na kwa ruhusa ya daktari tu. Aliyewekewa nyonga ya bandia naye ana mikao iliyokatazwa, mara nyingi kupishanisha miguu kama mkasi na kukunja nyonga kupita nyuzi 90.

4. Kagua ngozi kila asubuhi na jioni.

Tazama sehemu ya juu ya makalio, visigino, nyonga, vifundo, viwiko, mabega na kisogo. Vitabu vingi husema "tafuta wekundu." Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta doa jeusi kuliko ngozi ya jirani au la zambarau, mahali pa moto kuliko kwingine, pagumu au panapobonyea kama embe lililoiva mno. Ukipaona, asipalalie tena mpaka parudi hali yake. Pasiporudi, au ngozi ikifunguka, mwite nesi.

Usipasugue wala kupakanda, unachana nyama iliyoanza kufa. Usimkalishe kwenye pete ya mpira wa gari. Pete hubana damu kuzunguka kidonda. Spiriti na dawa ya meno havina kazi hapo.

Akianza kutumia kiti cha magurudumu, ajinyanyue kwa mikono au aegemee upande mmoja kisha wa pili kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kiti kiwe na mto wake, usikubali kiti kitupu.

5. Mwogeshe, na mjue mapema nani anaogesha.

Kwa kabila la Baganda mwiko wa buko hauruhusu mama mkwe na mkwewe wa kiume kugusana, hata kukaribiana, na jamii nyingine nyingi zina miiko yao. Mama mkwe akija, mpe jiko, watoto na daftari la dawa. Kazi ya mwili iwe yako, au ya kaka wa mgonjwa, au ya mtu wa kulipwa. Lisemwe wazi siku ya kwanza. Lisiposemwa, mgonjwa atashinda na uchafu akingoja urudi sokoni.

Funua sehemu moja, ioshe, ikaushe, ifunike, nenda nyingine. Anza usoni, malizia sehemu za siri kwa beseni lake. Mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Mikunjo ya mapaja na chini ya matiti ikauke kabisa. Uso, meno na kifua ajioshee mwenyewe kama mikono inafanya kazi.

Mwislamu asiyeweza kufikisha maji husali kwa tayamamu, kwa kuketi au kwa kulala. Mwekee udongo mkavu safi kwenye sinia karibu na kitanda.

6. Choo.

Kuchuchumaa juu ya shimo hakuwezekani kwa mguu uliovunjika. Mwagize fundi wa kuchomelea kiti cha vyuma chenye kimo cha sentimita 45, mikono pembeni, na ubao wa kukalia wenye tundu la sentimita 22 hivi. Chumbani weka ndoo chini yake, yenye majivu. Akiweza kutembea, kiti hicho hicho hubebwa na kusimamishwa juu ya shimo. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu ni rahisi, lakini miguu yake hupanuka na kuteleza kwenye saruji yenye maji. Ukikitumia, mgongo wake ugote ukutani.

Mketishe dakika 20 hadi 30 baada ya chai ya asubuhi, maana tumbo huamka baada ya kula. Dawa kali za maumivu kama tramadol, na kulala kutwa, hufunga choo. Anza mapema: papai, maharage, doodo (mchicha) na maji lita 2 kwa siku, mradi daktari awe hakumpunguzia maji. Siku 3 bila choo, omba dawa ya kulainisha; usingoje ya sita.

Kwa mwenye katheta: mfuko uwe chini ya kibofu muda wote, usiguse sakafu, na umwagwe ukijaa theluthi mbili. Nawa kabla na baada. Usiukunje mrija kuzuia harufu.

7. Kidonda, plasta ngumu na vyuma vya nje.

Maji ya chumvi: chemsha nusu lita ya maji kwa dakika 15 chombo kikiwa kimefunikwa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yapoe. Yakifika saa 24, mwaga. Kwa vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi, tumia kipande kimoja cha shashi kwa kila chuma, usirudie. Kidonda kilichoshonwa kikiwa kikavu, kiache.

Plasta ngumu haitakiwi maji, wala kijiti cha kukunia ndani. Siku za kwanza mguu ulale juu ya mito, juu kuliko moyo. Kila saa chache mwambie achezeshe vidole.

Utasikia watu wakikushauri umwite omuyunzi, fundi wa mifupa. Wengine wana mikono ya subira kuliko wodi yenye msongamano, na hilo ndilo linalowavuta watu. Lakini mfupa uliotiwa chuma ukikandwa, chuma hulegea, na mguu uliofungwa kwa nguvu na vijiti huweza kufa kuanzia vidoleni. Sala na maneno mema ruhusa, kukanda na kufunga hapana.

8. Dawa na chakula.

Parasetamoli kwa mtu mzima: vidonge 2 vya miligramu 500, si zaidi ya mara 4, yaani vidonge 8 kwa saa 24. Soma paketi za dawa za mafua pia, nyingi zina parasetamoli ndani. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, asitumie zote mbili pamoja. Tramadol haikutani na waragi wala pombe nyingine. Dawa ya maumivu impe dakika 30 hadi 45 kabla ya kuoga au mazoezi, hapo inafanya kazi yake.

Mfupa na ngozi hujengwa kwa protini. Kila mlo uwe na mojawapo: mayai, maharage, mukene (dagaa), maziwa, njugu za kusaga. Mukene mkavu uliosagwa, vijiko viwili kwenye mchuzi, ni nafuu kuliko nyama na una mifupa yake ndani. Matoke matupu na chai ya rangi vinashibisha tu. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Hili fizio akilisema husikilizwa kuliko mke akilisema.

9. Kumwinua.

Kila saa akiwa macho, akunje na kunyoosha vifundo vya miguu mara 10. Hilo husukuma damu isigande.

Siku ya kusimama: mketishe ukingoni dakika 3 kwanza. Aliyelala wiki mbili akisimamishwa ghafla huona giza na kuanguka. Kiti kikae upande wake mzima, breki zikiwa zimefungwa. Wewe simama karibu, magoti yako yakiwa yamekunjwa, umshike kwa mkanda mpana au kitenge kilichofungwa kiunoni. Asikushike shingoni, mtaanguka wote.

Magongo: kati ya kwapa na gongo pawe na nafasi ya vidole 2 hadi 3, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikikunjika kidogo. Uzito ukae mikononi. Anayening'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na mkono huanza kufa ganzi. Mipira ya chini ikisuguka, badilisha. Kwenye ngazi: kupanda mguu mzima hutangulia, kushuka mguu mbovu hutangulia.

Paja huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, na mguu chini ya goti karibu hivyo hivyo. Maumivu huisha mapema zaidi, na hapo ndipo watu hutupa magongo na kukunja chuma kilichomo ndani. Eksirei ndiyo inayoamua.

10. Pesa na karatasi.

Keti naye mwandike pamoja: kinachoingia, kinachotoka, madeni, wanaotudai na tunaowadai. Kama simu yake ndiyo yenye pesa za familia, mkubaliane nani anatoa na kila kiasi kiandikwe. Ukichukua namba ya siri kimya kimya, hata kwa nia safi, atajua, na kila shilingi baada ya hapo itakuwa kesi.

Weka bahasha moja ya nakala: ripoti ya polisi wa trafiki, barua ya kuruhusiwa, risiti zote, eksirei, kitambulisho cha taifa, barua ya LC1 (serikali ya kijiji).

Ikiwa aliumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu mwajiri. Peleka taarifa ya maandishi kabla mwezi haujaisha, baki na nakala iliyogongwa muhuri, na mwajiri akikaa kimya nenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Kama alikuwa mwanachama wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na hawezi tena kufanya kazi, kuna mafao ya ulemavu. Marekebisho ya mwaka 2022 pia yanamruhusu mwanachama mwenye ulemavu, aliyefika miaka 40 na kuchangia miaka 10, kuchukua hadi nusu ya akiba yake.

Jamaa watakuja na mnunuzi wa kiwanja. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza ardhi mnayoishi au inayowalisha. Usisaini lolote wiki hizi, wala yeye asisaini akiwa na tramadol kichwani.

11. Watoto.

Waambie kwa maneno mafupi na ya kweli: "Baba amevunjika mguu, utapona polepole, miezi mingi. Hataweza kukubeba kwa sasa." Uongo wa "kesho ataamka" huharibu kila neno lako la baadaye. Mtoto wa miaka 6 anaweza kupeleka maji, wa 10 kusoma saa za dawa, wa 15 kupika. Hakuna mtoto wa kumnyanyua mtu mzima, na hakuna wa kumwosha mzazi wake sehemu za siri.

Daftari za shule zikaguliwe kitandani, na mgonjwa. Ni kazi ya mzazi isiyohitaji miguu.

Mihula huanza kwa kawaida Februari, Mei na Septemba. Nenda kwa mhasibu wa shule wiki mbili kabla, ukiwa na barua ya hospitali, uombe kulipa kwa mafungu. Ukingoja mtoto arudishwe nyumbani, unakwenda kuomba ukiwa umeshashindwa.

12. Ninyi wawili, na wewe mwenyewe.

Tenga nusu saa kwa siku ambayo haizungumzwi dawa wala choo: taarifa ya habari, mpira, majirani. Suala la kitanda lisionewe haya. Muulizeni daktari lini ni salama, maana nyonga na paja hutaka wiki nyingi, na aliyeumia uti wa mgongo atahitaji ushauri wa pekee.

Wewe pia ni sehemu ya matibabu. Usiku mmoja kwa wiki mtu mwingine ashike zamu yote, ukalale chumba kingine mlango umefungwa. Unapoinua, kunja magoti, mgongo uwe wima. Nyumba yenye wagonjwa wawili wa mgongo haiendi popote.

Mambo yakienda kombo

*Ana homa.* Uganda homa huitwa malaria kabla ya kipimo. Pima malaria, ndiyo, lakini siku hiyo hiyo fungua kidonda: kimevimba, kina usaha, kinanuka? Tazama mkojo: una ukungu? Sikiliza kifua. Kipimo cha malaria kikisema hana, usimeze dawa "kwa usalama," rudi hospitali.

*Vidole vya mguu wenye plasta vimevimba, ni baridi au vina ganzi, na uchungu unazidi hata baada ya dawa.* Usilale nayo. Plasta inabana, na misuli hufa kwa saa, haingoji siku ya kliniki.

*Shavu moja la mguu limevimba na linauma.* Inaweza kuwa damu iliyoganda. Usilikande, mpeleke siku hiyo. Akibanwa pumzi ghafla au kukohoa damu, ni dharura.

*Katheta haijatoa mkojo kwa muda wa saa 4.* Kagua kama mrija umekunjwa au umelaliwa. Kama sivyo, kituo cha afya sasa hivi.

*Aliyeumia uti wa mgongo kifuani juu au shingoni anaumwa kichwa vikali ghafla, jasho jingi usoni.* Shinikizo la damu limepanda. Mketishe wima ikiwa mgongo unaruhusiwa, legeza nguo, tafuta mrija uliokunjwa. Mara nyingi chanzo ni kibofu au choo kilichojaa. Lisipokwisha dakika chache, mkimbize.

*Aligonga kichwa pia, na sasa anatapika, analala mno, au ana degedege.* Hospitali bila kungoja. Hasira mpya na kusahau bila dalili hizo ni matokeo ya kawaida ya kichwa kilichoumia. Yaandike, yapeleke kliniki.

*Hataki kula, hataki watu, anasema bora angekufa.* Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa dawa za kunyunyizia mimea na vidonge vya ziada, asiachwe peke yake, na mpeleke siku hiyo. Hospitali ya Butabika na hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili.

*Anakataa mazoezi.* Angalia saa ya dawa kwanza. Kisha punguza: mara 3 badala ya 10, lakini kila siku. Goti lililokaa bila kukunjwa wiki 6 hukakamaa. Ikishindikana, mrudishe kwa fizio, hospitali ya rufaa ya mkoa wako au, kwa kesi ngumu za mifupa, hospitali ya CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe.

*Ni usiku na lazima aende.* Asipakiwe kwenye boda boda katikati ya watu wawili, hata kama ni karibu. Aliyevunjika paja alazwe kiti cha nyuma cha gari, mguu umenyooka juu ya mito. Aliyeumia mgongo alale juu ya ubao au mlango ulioondolewa, ndani ya gari la mizigo la wazi kama hakuna ambulansi. Elewana na dereva wa gari wa mtaani mchana, kabla hujamhitaji, bei ikiwemo, na namba yake iandikwe ukutani kwa kalamu nene, juu ya zamu.